Namna ya Kulinganisha Viwango vya Kuchemka kwa Kuchunguza Kani za Molekuli

Anayetaka kueleza kwa nini kimiminika kimoja huchemka mapema kuliko kingine sharti kwanza atenganishe kani za aina mbili: zile zinazoshikanisha atomu ndani ya molekuli, yaani bondi, na zile zinazoivuta molekuli kuelekea jirani yake. Maji yanapochemka, bondi kati ya oksijeni na hidrojeni hazivunjiki, na mvuke unaopaa ungali maji. Kuvunja bondi hizo huhitaji takriban kilojuli 463 kwa kila moli (kipimo cha wingi wa chembe) ya bondi, ilhali kugeuza moli nzima ya maji kuwa mvuke katika nyuzi 100 za Selsiasi huhitaji kilojuli 41 hivi. Kwa hiyo, uimara wa bondi za ndani usiutumie kamwe kukadiria kiwango cha kuchemka cha dutu yenye molekuli. Chumvi na almasi hazimo katika utaratibu huu, kwa kuwa hazikuundwa kwa molekuli zilizojitenga.

Anza kwa kuchora fomula ya muundo, yaani mchoro unaoonyesha jinsi atomu zilivyoungana, kwa sababu fomula ya molekuli peke yake huficha mengi. Ethanoli na dimethili etha zote zina kaboni mbili, hidrojeni sita na oksijeni moja, lakini ya kwanza huchemka katika nyuzi 78 na ya pili katika nyuzi 24 chini ya sifuri. Katika mchoro, tafuta hidrojeni iliyoungana moja kwa moja na florini, oksijeni au nitrojeni. Ethanoli inayo, etha haina. Hidrojeni ya namna hiyo, ikiwa imevutwa elektroni zake na kubaki na chaji chanya kiasi, hujishikiza kwenye jozi ya elektroni isiyotumika katika bondi iliyo kwenye molekuli ya jirani, na huo ndio muungano uitwao bondi ya hidrojeni, ingawa ni kani ya kati ya molekuli, si ya ndani yake.

Kisha tazama umbo. Bondi zenye ncha za chaji, yaani upande mmoja chanya kiasi na mwingine hasi kiasi, hazitoshi kuifanya molekuli nzima iwe na ncha: dioksidi ya kaboni imenyooka, hivyo mivuto ya pande zake mbili hufutana, ilhali maji yamepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5 na ncha zake hubaki.

Hatua inayofuata hupuuzwa mno, nami naiona kuwa ya msingi kuliko zote: hesabu elektroni. Mwaka 1930 mwanafizikia Fritz London alieleza jinsi elektroni, zinaposogea, zinavyozusha ncha za muda mfupi ambazo nazo huzusha ncha nyingine katika molekuli jirani. Kani hii ipo katika kila molekuli, na hukua kadiri elektroni zinavyoongezeka. Ndiyo maana florini huchemka katika nyuzi 188 chini ya sifuri, bromini katika nyuzi 59 juu ya sifuri, na iodini, isiyo na ncha yoyote ya kudumu, katika nyuzi 184, juu kabisa ya maji. Eneo la kugusana nalo lina uzito wake: pentani iliyonyooka huchemka katika nyuzi 36, lakini neopentani, yenye atomu zilezile zilizokusanyika kama tufe, huchemka katika nyuzi 10 hivi.

Ikiwa molekuli mbili zinakaribiana kwa idadi ya elektroni, acha bondi za hidrojeni na ncha ziamue. Zikitofautiana sana, anza na elektroni. Na pale zote mbili zinapokuwa na bondi za hidrojeni, usiangalie nguvu ya bondi moja tu. Bondi ya hidrojeni ya floridi ya hidrojeni ni imara kuliko ya maji, lakini floridi hiyo huchemka katika nyuzi 19.5 tu, kwa kuwa kila molekuli yake hushikana kwa kawaida na jirani wawili, ilhali ya maji, yenye hidrojeni mbili na jozi mbili za elektroni zisizotumika, huweza kushikana na wanne.