Kamera ya Kwanza kwa Mfuko Mdogo: Kagua Lenzi Kabla ya Kuhesabu Megapikseli

Ukiwa na laki sita, usitafute kamera ya laki sita. Weka robo pembeni kwa ajili ya betri ya pili, memori kadi mbili na mkoba usiopitisha maji. Kinachobaki ndiyo bajeti ya kamera, na kwa hela hiyo sahau mpya. Vikamera vipya vya bei chee vinavyojinadi kwa megapikseli 48 vina kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kutengeneza picha) kidogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Simu nzuri inavishinda. Kihisi cha kamera ya kubadilisha lenzi, hata ya mwaka 2011, kina eneo kubwa mara 10 na zaidi, ndiyo maana picha za jioni hazijai chenga. Megapikseli zisikusumbue: picha ya kuchapwa ukubwa wa A4 inatosheka na 9.

Tafuta Canon 600D au 700D, ama Nikon D3200 au D3300, iliyotumika, pamoja na lenzi yake ya 18-55 (ni milimita: 18 huona eneo pana, 55 huvuta karibu). Canon 1100D huwa nafuu zaidi, lakini haina tundu la maikrofoni na video yake inaishia 720 (HD ya chini, si Full HD ya 1080). Anayelenga harusi ajue pia kwamba 600D hukata kurekodi faili ikifika GB 4, kama dakika 12 za video ya Full HD, na mchungaji hatakusubiri ubonyeze tena.

Usinunue usiku, wala kwa picha za WhatsApp. Kama duka liko Makoroboi hapa Mwanza, toka nayo barazani penye jua, ukiwa na memori kadi yako na simu yenye tochi.

Anza na lenzi. Huku kandokando ya ziwa ugonjwa wake mkubwa ni ukungu: kamera ikifungiwa mkobani miezi kadhaa kwenye unyevu, kuvu huota katikati ya vioo. Ichomoe, mulika tochi kutoka nyuma na uangalie kwa mbele kwa kuinamisha kidogo kidogo. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndizo kuvu. Iache, hata muuzaji akisema itafutika. Kuvu hula utando wa kinga uliopakwa juu ya kioo, na kuifungua lenzi kunaweza kugharimu kuliko lenzi yenyewe. Chembe chache za vumbi hazina shida. Mkwaruzo kioo cha nyuma ni mbaya kuliko wa mbele.

Irudishe, weka Av (kwenye Nikon ni A), yaani unachagua mwenyewe tundu la lenzi linalopitisha mwanga, kisha f/16 (tundu dogo) na ISO 100 (usikivu wa chini wa mwanga), halafu piga anga tupu. Ikuze picha: madoa meusi yasiyohama ni uchafu juu ya kihisi, na husafishika, kwa hiyo yatumie kushusha bei. Jaribio hilohilo hufichua kasoro nyingine. Lenzi ya 18-55 iliyochoka hupiga vizuri tundu likiwa wazi kabisa, lakini ukilibana, Canon huandika Err 01. Futa vigusio vya rangi ya dhahabu nyuma ya lenzi kwa kitambaa kikavu, urudie ukiwa 18, 35 na 55. Err 01 ikirudi, huenda waya wa ndani umekatika.

Piga tena kwa kasi ya 1/4000. Ukanda mweusi pembeni ya picha maana yake shata (pazia linalofunguka na kufunga mbele ya kihisi) inakufa. Inua flashi, maana hupenda kukwama. Betri iliyovimba ikatae. Na lenzi isipotafuta fokasi yenyewe, tazama kwanza swichi ya AF/MF (fokasi ya yenyewe au ya mkono) kabla ya kuilaumu.

Ukipata hela baadaye, nunua 50mm f/1.8. Inapokea mwanga karibu mara 10 ya 18-55 iliyovutwa hadi mwisho, ila huona eneo dogo na haibadiliki, hivyo sebuleni itakusukuma hadi ukutani. Kwa Nikon hizo mbili hakikisha imeandikwa AF-S, yaani ina mota yake ya fokasi. Isiyo na mota utaizungusha kwa mkono.

Nyumbani ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Mchele usiutumie, una vumbi. Na ukiwa mwaloni Kirumba wadudu wa ziwani wakapanda kama moshi, usibadilishe lenzi hapo: wakiingia ndani, utawaona kwenye kila anga utakayopiga.