Rozari ya kalenda ya mwaka jana: somo kwa wazazi wenye watoto wadogo

Kuna kipindi sala ya jioni nyumbani kwetu ilikuwa vita. Wa miaka saba anahesabu mijusi ukutani, wa miaka minne amelala kifudifudi kwenye mkeka, na mimi naongoza matendo yote matano ya rozari (sehemu zake, kila moja ikikumbuka tukio la maisha ya Yesu au Maria) kwa sauti ya mgambo. Tukifika mwisho hakuna aliyesali, mimi nikiwemo. Tulitolewa pale na kalenda kuukuu na vijiti vya mshikaki.

Mtoto mdogo husali kwa mikono kabla ya mdomo. Mkono ukikosa kazi utatafuta ya kwake, na kwa kawaida ni nywele za dada yake. Basi mpe cha kushika, na kiwe alichokitengeneza mwenyewe. Ile rozari ya plastiki tunayowanunulia nje ya kanisa ataivuta hadi ikatike, kwa sababu haimhusu.

Tutatengeneza rozari ya tendo moja tu: punje kumi za Salamu Maria, moja ya Baba Yetu, na msalaba. Rozari kamili ina punje 59, na hiyo ni safari ndefu kwa mtoto wa chekechea. Anayeona tendo moja ni kidogo awakumbuke watoto wa Fatima, Ureno. Kabla ya Bikira Maria kuwatokea mwaka 1917, Lucia, Francisco na Jacinta walikuwa wakichunga kondoo, na ili wawahi kucheza walikuwa wanasema maneno "Salamu Maria" basi, punje inayofuata. Wawili kati yao leo ni watakatifu.

Vifaa

Ukurasa mmoja mkubwa wa kalenda ya ukutani, ile karatasi nzito inayong'aa. Rula, penseli, mkasi. Vijiti viwili vitatu vya mshikaki. Gundi nyeupe ya maseremala. Uzi wa nailoni wa fundi viatu, kama sm 70. Ukiwa na rangi ya kucha isiyo na rangi, iweke karibu.

Hatua ya 1: Kukata

Chora kwenye karatasi pembetatu ndefu nyembamba: kitako sm 1.5, urefu kama sm 30, mwisho unachongoka. Zichore moja imesimama, nyingine kichwa chini, ubavu kwa ubavu, hakuna karatasi itakayopotea. Unahitaji 11, lakini kata 15, kwa sababu zitaharibika. Mistari chora wewe, mkasi mwachie wa miaka sita kwenda juu. Mistari ikipinda, acha ipinde.

Hatua ya 2: Kuandika ndani

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo msiharakishe. Kabla ya kuviringisha, kila utepe unaandikwa jina nyuma yake, upande usio na picha. Mtoto anachagua kumi anaotaka kuwaombea. Asiyejua kuandika anachora, au anakunong'oneza nawe unaandika. La 11, la Baba Yetu, tuliliandika "sisi wote".

Usimchagulie. Nilitegemea Bibi, Baba, mwalimu. Nikapata Bibi, ndiyo, lakini pia dereva wa bajaji anayewapeleka shule, mtoto mmoja darasani "asiyekuja na chakula", na shangazi yao ambaye mimi nilikuwa sijaongea naye tangu msiba wa mwaka juzi. Huyo wa mwisho alinikalisha kimya kidogo. Karatasi ikishaviringishwa jina halionekani tena, limefichwa ndani ya punje, na watoto wanapenda siri kuliko pipi. Watazikumbuka kwa rangi: hii ya bluu ya bahari ni Bibi, hii yenye nusu ya tarehe 14 ni dereva.

Hatua ya 3: Kuviringisha

Anza na kile kitako kipana. Kizungushe kwenye kijiti cha mshikaki mara moja bila gundi (ukipaka hapo punje itang'ang'ania kijiti), kisha paka gundi nyembamba utepe wote na uendelee kuviringisha, picha ikiwa nje, mpaka ncha iishie katikati ya punje. Bana kwa vidole ukihesabu hadi ishirini. Ichomoe taratibu, iache ikauke usiku kucha. Kesho yake paka rangi ya kucha, ing'ae na isilowe jasho.

Gundi ya unga wa ngano inashika vizuri, sikatai. Ila rozari yetu ya kwanza tuliifanya kwa hiyo, tukaitundika ukutani, na kabla mwezi haujaisha mende walikuwa wamefika punje ya tatu.

Hatua ya 4: Kutunga

Kunja uzi katikati upate nyuzi mbili. Funga msalaba kwenye kikunjo: vipande viwili vya kijiti, ncha kali imekatwa, vimefungwa kwa uzi uleule ukipita kimkingamo pande zote nne. Piga fundo, ingiza punje ya Baba Yetu, piga fundo, kisha zile kumi, halafu fundo kubwa mwishoni. Usizibane. Acha nafasi punje iweze kusogezwa na kidole, maana kule kusogeza ndiko kuhesabu kwenyewe. Ncha za nailoni ziunguze kidogo kwa mshumaa zisifumuke, na hiyo ni kazi ya mkubwa.

Hatua ya 5: Kusali

Jioni, baada ya kula lakini kabla usingizi haujawa mwingi. Taa kuu izimwe, mshumaa uwashwe kwenye sahani. Mtoto mmoja anataja tendo kwa maneno yake ("Malaika anamwambia Maria atapata mtoto" inatosha kabisa), kisha ishara ya msalaba na Baba Yetu. Kwenye kila punje mwenye rozari anataja jina lililo ndani, anaanza Salamu Maria, na wengine wanaitikia kuanzia Maria Mtakatifu. Mwisho Atukuzwe Baba, na sala ya Ee Yesu wangu kama mmezoea. Kama dakika sita, saba hivi.

Akisahau katikati, subiri. Mimi nilikuwa namdakia neno mdomoni. Nilipoacha, akaanza kumaliza mwenyewe. Na akisema "mjaa neema" badala ya "umejaa neema", siyo jioni ya kumsahihisha. Oktoba, Jumuiya (kikundi cha Wakatoliki majirani) inaposali nyumba kwa nyumba, mwache aende na rozari yake ya kalenda. Wa kwangu aliongoza tendo la pili kwa jirani, mgongo wima kama katekista.

Tahadhari moja kubwa: msitumie zile mbegu nzuri nyekundu zenye doa jeusi, wengine huziita tipitipi, wengine turituri. Zimetungwa kuwa shanga na rozari tangu zamani, hata jina lake la kisayansi, Abrus precatorius, limetokana na neno la Kilatini la kusali. Ila ndani yake kuna sumu kali. Mtoto akiitafuna moja na kuimeza, mkimbizeni hospitali, msingoje dalili.

Maswali

Mama wa mapacha, Geita: Wangu wana mwaka na nusu, kila kitu mdomoni. Nifanyeje?
Punje zote waache kwanza, hata za karatasi, mpaka wapite miaka mitatu. Chana utepe wa kanga iliyochakaa, upana wa vidole vitatu, piga mafundo kumi makubwa na moja kubwa zaidi. Wakitafuna, unafua. Ila usiwaachie kitandani, usije ukawazunguka shingoni.

Dada wa Kigoma: Kalenda yetu ni ya parokia, ina picha ya Bikira Maria. Kuikata si dhambi?
Picha usiikate, kata ule upande wa tarehe au kurasa za mandhari. Si kwamba karatasi ya kalenda ni kitu kitakatifu, lakini mtoto anakuangalia, akikuona unapitisha mkasi kwenye uso wa Mama atajifunza kitu usichokusudia. Picha bandikeni ukutani mnaposali. Kitu kilichobarikiwa kikichakaa ni habari nyingine: hicho huchomwa au huzikwa, hakitupwi jalalani.

Babu wa Kibosho: Rozari ya karatasi padre ataibariki kweli?
Ataibariki, Babu, yeye au shemasi. Mngojeni baada ya Misa, mtoto aishike mwenyewe mkononi. Wa kwetu aliulizwa ndani kuna nini, akajibu "watu".

Katekista, Njombe: Kwa tendo moja kila siku, mnafuata utaratibu gani wa matendo?
Ule wa siku. Jumatatu na Jumamosi Furaha, Jumanne na Ijumaa Uchungu, Jumatano na Jumapili Utukufu, Alhamisi Mwanga. Katika matano ya siku hiyo mtoto anachagua moja. Ndiyo, Alhamisi tunapata harusi ya Kana karibu kila wiki, na sina nguvu ya kupinga. Wazee watakumbuka matendo yalikuwa 15. Ya Mwanga yaliongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, kwa hiyo mama yangu hujikwaa Alhamisi na wajukuu wanamsaidia. Wanafurahi mno.

Mlezi wa Utoto Mtakatifu (shirika la watoto Wakatoliki), Morogoro: Nina watoto 40 Jumamosi. Majina yote hayo nitayasimamia vipi?
Usitumie majina, tumia rangi za rozari ya kimisionari aliyoianzisha Askofu Fulton Sheen mwaka 1951. Kijani ni Afrika, nyekundu Amerika, nyeupe Ulaya, bluu Oseania, njano Asia. Gawa makundi matano, kila kundi litengeneze kumi lake kwa karatasi ya rangi yake, kisha muunganishe rozari moja kubwa ya kutundika. Gundi nunua mara mbili ya unavyodhani.

Mama Mdogo, Mombasa: Kijana wangu wa miaka mitano anataka punje moja iwe ya mbwa wetu aliyekufa. Nimkatalie?
Mwache, dada. Mwambie kwenye punje hiyo mnamshukuru Mungu aliyemuumba mbwa huyo, na mnamwomba amfariji yeye aliyebaki. Wa kwangu aliandika jogoo. Jogoo mwenyewe tulimla Pasaka, na mwandishi huyohuyo wa jina alikula paja. Punje bado ipo, ya saba kutoka msalabani, na jogoo hutajwa kila jioni.