Damu ikipungua kwa mgonjwa wa dayalisisi, wekeni pembeni hiyo rozela kwanza

Mama alipoanza dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine maana figo zimefeli) kila aliyekuja kumjulia hali alibeba chupa, huyu juisi ya rozela, huyu bitiruti, shangazi kasaga majani ya maboga, na sisi tukawa tunampa tu maana Hb, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 7 na tuliogopa. Damu haikupanda, kilichopanda ni potasiamu, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama ghafla jamani. Sista ndo akatukalisha chini.

Iko hivi, figo ndo zinatoa homoni ya erithropoietini inayoamsha uboho wa ndani ya mifupa utengeneze damu. Figo zikifeli homoni inakauka, sasa hapo hata anywe ndoo ya rozela haisaidii. Anachohitaji ni sindano ya EPO, yaani homoni hiyohiyo ya kutengenezwa, pamoja na madini ya chuma. EPO ni fundi, chuma ndo tofali, kwahiyo kabla hamjalalamika kwamba sindano haifanyi kazi ombeni apimwe feritini na saturesheni ya transferini (vipimo vya chuma mwilini), chuma ikiwa chini atawekewa kwa mshipa akiwa palepale kwenye mashine. Kama anameza vidonge vya chuma asivichanganye na vile vya kalsiamu vya kushusha fosfeti, vinazuiana, apishanishe masaa.

EPO mkinunua wenyewe famasi ibebeni na barafu ila isigusane nayo, nyumbani ikae friji nyuzi 2 mpaka 8, isigande wala isitikiswe. Presha ipimwe kabla ya kuchoma maana sindano hii inaipandisha. Na msilazimishe damu iwe kama ya mtu mzima wa afya, wengi madaktari wanawaweka kwenye Hb ya 10 mpaka 11.5 hivi, ikivuka 13 kwa sindano hatari ya kiharusi na damu kuganda inaongezeka.

Vitamini sasa. Mashine inaosha vitamini B, foliki asidi na C, ndo maana anaandikiwa, ila ameze BAADA ya dayalisisi, akimeza asubuhi kabla ya kwenda nyingine zinaishia kwenye mashine. Vitamini C kidogo tu, isizidi miligramu 100 kwa siku, vile vya 1000 vya kuyeyusha kwenye maji vinamrundikia oksaleti mwilini. Multivitamini za dukani msinunue kienyeji, nyingi zina vitamini A ambayo kwake haitoki inajikusanya.

Kuongezewa damu ya chupa, kama mnategemea kupandikiza figo mkumbusheni daktari, kwasababu mwili unaweza kutengeneza antibodi (kinga za kupinga vitu vya mtu mwingine) na kupata figo inayoendana kukawa kugumu. Ikiwa ni dharura awekewe tu, uhai kwanza.

Na kama EPO anachoma, chuma ipo, bado damu haipandi, ulizeni kama katheta (mrija wa dayalisisi) ina maambukizi, kama anapata choo cheusi, dalili ya damu kuvuja tumboni, na kama homoni ya parathairoidi imepimwa, kwa mama ilikuwa katheta.