Kuua panya wa ghalani kwa bunduki ya upepo bila kuwatesa

Panya akipigwa taya hafi papo hapo. Anakimbilia shimoni, hawezi kula, na kifo kinamchukua siku kadhaa. Mara nyingi kosa si mkono uliotetemeka, ni darubini ya bunduki iliyosawazishwa, yaani kurekebishwa ili risasi ipige pale unapolenga, kwa umbali usio wa ghalani.

Bunduki tunazozungumzia ni za mashamba ya England na Wales, zenye nguvu isiyozidi futi-pauni 12, yaani jouli 16 na ushee. Huko mtu wa miaka 18 na zaidi anaimiliki bila leseni. Uskoti wanadai cheti tangu tarehe 31 Desemba 2016. Aliyeko Kenya au Tanzania asijipimie kwa sheria hizo, aanze kwa kuuliza polisi. Ruhusa ya mwenye shamba inahitajika popote.

Sasa darubini. Hukaa sentimita 4 hadi 5 juu ya mtutu, kwa hiyo risasi huanza safari ikiwa chini ya pale unapotazama, kisha hupanda kukutana na msalaba, ile mistari ya kulengea ndani ya darubini. Bunduki ya risasi za upana wa milimita 4.5 iliyosawazishwa kwa mita 25 hupiga karibu sentimita 2 chini ya msalaba panya akiwa mita 8. Ubongo wa panya hauna hata upana huo. Umelenga kati ya jicho na sikio, umevunja taya.

Dawa yake ni kuchagua umbali kabla panya hajatokea. Weka chambo mita 12 kutoka utakapokaa, pima kwa utepe, usikadirie kwa jicho, na usawazishe darubini kwa mita hizo hizo. Panya akipita mbali au karibu zaidi, mwache apite.

Kisha jijaribu. Chora duara lenye upana wa sentimita 2 kwenye karatasi, kaa vile vile utakavyokaa usiku, piga risasi tano. Zote tano ziingie. Nne hazitoshi: ile ya tano ndiyo panya anayekimbia na jeraha. Zikitawanyika, jaribu kopo la aina nyingine ya risasi zenye kichwa cha mviringo, kwa maana kila mtutu una risasi unayoipenda. Kama bunduki ni ya springi, yaani springi ndiyo inayosukuma upepo, usiikabe. Iache iruke mikononi kwa namna ile ile kila mara. Ukiibana leo na kuilegeza kesho, risasi zitahama. Na darubini ikigongwa mlangoni, rudi kwenye karatasi.

Chambo kizuri ni siagi ya karanga, lakini si tonge. Tonge panya hulibeba na kwenda zake. Ipake kwa kisu ndani ya ufa wa ubao, nyembamba, ili alazimike kusimama na kuilamba. Hapo kichwa hutulia sekunde kadhaa, na hizo zinatosha.

Nyuma ya chambo weka gunia la mchanga au ubao mnene wa mti laini. Zege na bati hurudisha risasi usoni mwako, kwa hiyo vaa miwani ya kinga. Usipige kuelekea nafaka wala chakula cha mifugo, maana madini ya risasi ni sumu.

Taa nyekundu huwashtua panya kidogo kuliko nyeupe. Mpige akiwa ubavu, kati ya jicho na sikio. Papo hapo jaza risasi nyingine huku macho yakiwa kwake: mateke machache ya mwisho ni kawaida, lakini akijikusanya au akitambaa, piga tena bila kusubiri.

Okota mizoga kwa glavu, kwa sababu mkojo wa panya hubeba vijidudu vya ugonjwa wa leptospirosis. Kama shambani kumewekwa sumu, hesabu kila mzoga, usibaki hata mmoja nje: bundi akimla panya mwenye sumu, naye hudhurika.