Verdicchio mezani Tanga: namna ya kuionja na kuichagulia samaki

Anayenunua samaki soko la Deep Sea asubuhi anajua jambo ambalo wengi hulisahau wanapofungua mvinyo, kwamba changu yuleyule akibanikwa kwa chumvi na ndimu ni chakula kimoja, na akipakwa tui zito lenye pilipili ni chakula kingine kabisa. Kwa hiyo tazama kwanza mapishi, kisha samaki. Nitatumia mfano wa Verdicchio, mvinyo mweupe wa Marche, mkoa wa Italia ya kati unaopakana na Bahari ya Adria, ambako nako watu hula samaki kwa wingi.

Kwenye lebo tafuta maneno Castelli di Jesi, yaani vilima vilivyo jirani na mji wa bandari wa Ancona. Mvinyo huo una hadhi ya DOC, yaani jina la asili linalolindwa kwa sheria ya Italia, tangu mwaka 1968, na kanuni zake zinadai angalau asilimia 85 ya zabibu ziwe za aina ya Verdicchio. Ulioandikwa Riserva hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kuuzwa na huwa mzito. Anayeanza auache kwanza.

Joto letu ndilo adui mkubwa. Niliwahi kuisahau chupa ndani ya buti la gari kutoka Dar es Salaam hadi Tanga, na nilipoifungua ilinuka kama matunda yaliyochemshwa. Mvinyo huu unywewe ukiwa na nyuzijoto kati ya 8 na 12. Tia chupa katika ndoo yenye maji na barafu kwa dakika 20 hivi. Maji ni lazima, kwa kuwa barafu peke yake huacha mianya ya hewa, ilhali maji huigusa chupa pande zote. Usitumbukize barafu ndani ya glasi, kwani itauzimua, na usiupoze kupita kiasi, kwa maana ubaridi mkali huificha harufu.

Mimina theluthi moja ya glasi na uishike shina lake. Rangi iwe ya manjano hafifu yenye dalili ya ukijani, na jina lenyewe limetokana na neno la Kiitaliano lenye maana hiyo ya kijani. Nusa kabla ya kuizungusha glasi, kisha nusa tena baada ya kuizungusha, mbali na jiko na mbali zaidi na chumba kilichotoka kufukizwa udi, maana hakuna mvinyo utakaoshindana na udi. Ukikuta harufu ya boksi lililolowa, kizibo kimeuharibu, usilazimishe.

Piga funda dogo, ulikalishe kinywani, kisha umeze. Mate yatakayochuruzika pembeni mwa ulimi ni kipimo cha uchachu. Mwishoni utasikia uchungu mdogo wa lozi, ambao ndio alama ya Verdicchio, na usiuchanganye na ukakasi ule wa bibo bichi: ukakasi hutoka zaidi kwenye maganda ya zabibu, na mvinyo mweupe kwa kawaida hukamuliwa na kutengwa na maganda kabla ya kuchachushwa.

Sasa chakula. Chumvi hulainisha uchachu, ndiyo maana changu wa kubanika, ngisi wa kukaanga na hata dagaa wakavu waliokaangwa hukubaliana nao vizuri. Kwangu mimi dagaa ndio bora kuliko wote. Punguza ndimu, kwa sababu chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo hupooza na kuonekana kama maji, na kwa sababu hiyohiyo ukwaju na achari ya embe zikae mbali. Samaki wa kupaka anafaa, kwa kuwa uchachu hukata mafuta ya tui, lakini pilipili iwekwe pembeni: kilevi, ambacho hapa huwa asilimia 12 hadi 13 hivi, huuchochea mwasho wake. Biriani ya nyama haifai hata kidogo.

Katika mji ambao wengi hawanywi, mwenyeji amuulize mgeni mapema na kwa faragha, na madafu yaliyopozwa yawekwe mezani kwa heshima ileile.

Mvinyo ukibaki, rudisha kizibo na uuweke kwenye friji. Tumia ndani ya siku mbili au tatu, au umimine robo kikombe kwenye ngisi wa vitunguu saumu kabla hawajaiva.