Nusukaputi kwa mzee: usitegemee gesi ilinde ubongo

Panya kijana akivuta isoflureni, gesi ya usingizi, kabla ya mshipa wa ubongo kuzibwa, eneo la ubongo linalokufa huwa dogo. Kwa panya mzee kinga hiyo hupungua sana, pengine isionekane kabisa, kwani seli zilizozeeka haziitikii gesi kama zamani. Na kwa binadamu, hakuna dawa ya usingizi iliyothibitika kuzuia kiharusi. Ukiongeza gesi kwa mgonjwa wa miaka 75, unachopata kwa hakika ni presha kushuka.

Kama aliwahi kupata kiharusi, upasuaji usio wa dharura usubiri angalau miezi 6. Anayetumia dawa za kuzuia beta (beta-blockers), zinazopunguza kasi ya moyo, aendelee nazo. Asiyezitumia asianzishiwe asubuhi ya upasuaji: utafiti wa POISE wa 2008 ulionyesha metoprolol, mojawapo ya dawa hizo, iliyoanzishwa hivyo iliongeza viharusi na vifo.

Propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, mpe mg 1 hadi 1.5 kwa kilo, si 2 hadi 2.5 ya kijana, na isukume polepole. Hapa ndipo wengi hukosea. Damu ya mzee huzunguka taratibu. Sekunde 30 zimepita, bado anapepesa macho, mtu anaongeza dozi. Dakika mbili baadaye dozi zote mbili zimefika na presha imeporomoka. Subiri. Fenilefrini, dawa ya kupandisha presha, iwe tayari kwenye sirinji, mikrogramu 50 hadi 100 kwa mara moja.

Baada ya miaka 40, hitaji la gesi hupungua karibu asilimia 6 kila miaka kumi. Sevoflureni, gesi nyingine ya usingizi, ya asilimia 1.8 kwa mtu wa miaka 40 ni kama 1.4 kwa wa miaka 80.

Wastani wa presha usitoke zaidi ya asilimia 20 ya ule aliouzoea. Akiwa ameketishwa, pima urefu kutoka mkanda wa presha wa mkononi hadi tundu la sikio: kila sm 20 toa takriban mmHg 15. Mashine ikisoma 65, ubongo unapata 50. Usimpumulishe kwa kasi pia. Kabonidioksidi ikishuka, mishipa ya ubongo hubana. Iache kwenye mmHg 35 hadi 40.

Viharusi vingi hutokea baada ya upasuaji, wodini. Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi nzima. Akishindwa, usiisingizie mofini: andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, apelekwe kupigwa picha ya CT ya kichwa mara moja. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kufungulia kidonda damu, kwa hiyo ulizia mapema kuhusu kulivuta donge la damu kwa katheta.