Kupeleka kiwanda cha chakula kijijini Marekani: anza na majirani

Kazi yangu ni viwanda vya chakula. Mtu akiniuliza ajenge vipi katikati ya mashamba ya Wamarekani, namwelekeza Walworth, Wisconsin, ambako Kikkoman, watengenezaji wa sosi ya soya kutoka Noda, Japani, walifungua kiwanda mwaka 1973.

Tafuta soko kabla ya ardhi. Kikkoman walikuwa na ofisi ya mauzo San Francisco tangu 1957, wakiwaonjesha wateja madukani nyama iliyopikwa kwa sosi yao. Werevu kweli: Mmarekani hakuombwa abadili chakula, aliongezewa ladha kwenye nyama aliyoizoea.

Mahali utapachagua kwa malighafi. Sosi hii ni soya, ngano, chumvi na maji. Soya na ngano zimejaa Marekani ya kati, na Chicago si mbali. Kuvusha chupa zilizojaa baharini ni kuyalipia maji nauli.

Sasa majirani, na hapa usiwe na haraka. Wakulima wa Walworth walipinga: ardhi ya kilimo igeuzwe kiwanda, na uchafu uende wapi? Hofu ya namna hiyo usiijibu kwa barua ya wakili. Nenda vikaoni ueleze kazi yenyewe. Soya hupikwa kwa mvuke, ngano hukaangwa na kupondwa, vikachanganywa na kuvu wa koji. Baada ya siku tatu hivi huingia kwenye maji ya chumvi, vikachachuka kwa miezi, ndipo vikakamuliwa. Mfugaji anayetengeneza silaji, majani ya mifugo yaliyochachushwa, haelezwi maana ya kuchachua. Mkumbushe pia kwamba kiwanda hiki kinanunua mazao ya shambani.

Ukipata kibali, ajiri wenyeji, nunua kwao, na watawanye watu wako. Hili nalipenda kuliko yote: Kikkoman waliwahimiza wafanyakazi wao Wajapani wasijazane mtaa mmoja. Ni sera ngumu kwa mwenza anayeshinda nyumbani peke yake, kwa hiyo mtafutie mwalimu wa Kiingereza kabla hujamtafutia nyumba.

Kupanua kusubiri. Kiwanda cha Folsom, California, kilikuja mwaka 1998, na baadaye wakarudi Wisconsin, safari hii mji wa Jefferson. Wewe, kabla ya kufikiria jengo la pili, hakikisha makubaliano ya maji taka ya lile la kwanza yako kwenye maandishi, kiwango cha chumvi kikiwemo.